Ivamektini, panya wa maabara na hofu ya kukata kizazi

Mwaka 2001 Zanzibar ilianza kuwagawia wananchi wa Unguja na Pemba dawa za minyoo, ivamektini pamoja na albendazoli, ili kukomesha matende na mabusha. Wapo waliozimeza bila wasiwasi, na wapo wanaume waliozikwepa kwa kuhofu kwamba dawa ya kugawiwa bure haikosi kukata kizazi.

Wenye hofu hiyo wana pa kushika. Tafiti kadhaa za maabara zimeripoti kuwa panya waliopewa ivamektini walipungukiwa na mbegu za kiume, na mbegu zilizosalia zikawa na mwendo dhaifu. Hata hivyo, maelezo rasmi ya dawa hiyo nchini Marekani yanaeleza kwamba uzazi wa panya haukudhurika hata walipopewa dozi za kurudiarudia, hadi mara 3 ya kiwango cha juu cha binadamu kikikadiriwa kwa ukubwa wa eneo la ngozi ya mwili badala ya uzito.

Nadhani mzozo mwingi hapa ni wa vipimo. Katika ugawaji wa matende, mtu humeza maikrogramu 150 hadi 200 kwa kila kilo ya uzito wake, mara moja kwa mwaka, ilhali panya wa majaribio huweza kupewa siku baada ya siku. Tena, kwa kuwa mwili mdogo huitoa dawa upesi, dozi ya panya kwa kilo hugawanywa takriban kwa 6 ndipo ilingane na ya binadamu. Anayenukuu matokeo ya panya bila kutaja dozi hajasema kitu.

Ila wanaoitetea dawa nao wasiharakishe. Panya dume huzalisha mbegu nyingi kupita haja yake, kiasi kwamba anaweza kupoteza sehemu kubwa na bado akatia mimba. Mwanamume hana akiba ya namna hiyo. Kwa hiyo kusema kwamba panya waliendelea kuzaa si hoja ya kumtuliza mtu, na hesabu ya mbegu zenyewe ina uzito kuliko idadi ya vitoto.

Jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka ni ugonjwa wenyewe. Minyoo ya matende hupenda kukaa katika mishipa ya limfu ya korodani, na busha ndilo tunda lake. Anayeikataa dawa kwa kulinda uume wake huenda anauacha mikononi mwa adui aliye karibu zaidi.

Panya wametoa swali la haki, lakini jibu litatoka kwa wanaume waliopimwa manii kabla ya kumeza dawa na wakapimwa tena baada ya takriban miezi 3, kwani mbegu ya binadamu huchukua kiasi cha siku 74 kutengenezwa. Kipimo cha wiki moja baada ya dozi kitaonyesha zaidi mbegu zilizokwisha kuumbwa kabla dawa haijamezwa.