Corolla ya mgongo mrefu au fowili: hesabu ya Unguja si ya Pemba

Mtu amejikusanyia fedha za gari moja tu ya familia. Achukue Corolla wagoni ya miaka ya 1990, au ajikaze afikie RAV4 ya umbo lililotoka mwaka 2005, yenye fowili, yaani inayovuta kwa magurudumu yote manne? Barazani wanaoitetea RAV4 huanza na barabara, na kwa Unguja hapo ndipo hoja yao inapolegea. Kisiwa kina urefu wa kama kilomita 85, na kutoka mjini hadi Nungwi, Paje au Makunduchi unapita juu ya lami. Tabu ni ukishaiacha lami: mawe ya matumbawe yenye ncha, na masika madimbwi usiyojua kina chake. Humo kinachokuokoa ni kimo cha gari na uzima wa tairi. Fowili haiinui sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, isigonge jiwe. RAV4 imenyanyuka takriban milimita 190 kutoka chini, wagoni kama 150, na wagoni ikishapakia watu watano na magunia, springi zimechoka, hata hiyo 150 huioni.

Kwa hiyo RAV4 inashinda, lakini kwa kimo, na kimo unaweza kukipata bila kulipia difu ya nyuma na propela, vyombo vya kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Zipo RAV4 za kuvuta mbele tu, tena si chache.

Pemba mambo yanageuka. Kule ni vilima na mabonde, na njia za kuingia mashambani zikilowa zinateleza kweli. Wagoni inayovuta mbele ikipanda mlima na magunia ya karafuu nyuma, uzito wote unakaa nyuma, magurudumu ya mbele yanabaki kuzunguka bure. Hapo fowili inakula halali yake. Ila fowili nazo haziko sawa. Suzuki Escudo ya umbo la 2005 ina gia nzito za kupandia mlima taratibu, na inaweza kufungwa ili mbele na nyuma zivute sawasawa. RAV4 ya mwaka huohuo kwa kawaida huvuta mbele, na klachi ya umeme hupeleka nguvu nyuma pale inapohitajika. Kwa tope la kawaida inatosha. Kwa mkulima anayepanda mlima uleule kila siku, ningemwambia atafute Escudo.

Kuna gharama isiyosemwa dukani: fowili inataka tairi nne za saizi moja na zilizolika sawa. Desturi yetu ya kununua tairi moja moja ya mtumba, leo hii kesho ile, kwenye wagoni ya kuvuta mbele haina madhara makubwa. Kwenye RAV4 ile klachi hufanya kazi muda wote kusawazisha tofauti, mwisho inaungua. Na injini yake ya 2AZ-FE, sisi 2,400, baadhi yake zina sifa ya kula oili. Ya Corolla, 5A-FE ya sisi 1,500, haimtishi fundi hata wa chini ya mwembe, na spea yake ni nadra kusubiri boti ya Dar.

Wapenzi wa wagoni nao wana wanalolipita mbio: usalama. Corolla nyingi za mwanzo wa miaka ya 1990 hazina mifuko ya hewa wala breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga kwa nguvu. Mwenye watoto asilione dogo.

Mimi kwa anayeishi mjini Unguja ningechagua wagoni, lakini si ile kongwe. Probox, wagoni ya Toyota iliyoanza kutoka mwaka 2002, inabeba vilevile na ni ya juzi zaidi. Anayekaa shamba Pemba, Escudo. Yoyote iwayo, ipandishwe juu uitazame tumbo kabla hujatoa fedha. Gari nyingine hutoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, kisha zinakuja kumalizia umri wao kwenye upepo wa bahari. Injini mbovu unaweza kuibadilisha. Chesi iliyoliwa na kutu utaipiga welding mwaka huu, na mwakani utarudi kwa fundi yuleyule.