Anayetoa Pesa Zote Jioni Si Mjinga

Katika soko la Busia, upande wetu wa Uganda, yuko mama mmoja muuza mukene, wale dagaa wa ziwani. Kila jioni kabla hajafunika meza yake hupita kwa wakala na kuifagia simu. Wateja wa jumla humlipa kwa simu kutwa nzima, lakini ikifika saa kumi na mbili salio limebaki shilingi mia tatu, mia nne. Nilimwuliza mbona haziachi humo zilale salama. Akanitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini samaki huuzwa. "Mwanangu, alfajiri nitazihitaji, na alfajiri wakala hana noti."

Mtu kama huyu ndiye anayesemwa kila watu wa benki na wa kampuni za simu wanapokutana Kampala. Malalamiko ni yale yale: watu wamefungua akaunti za kidijitali, za simu na za benki, halafu wamezigeuza mfereji. Pesa huingia asubuhi, hutoka jioni, hazikai. Ugonjwa huo umepewa jina la ukosefu wa elimu ya fedha, na dawa yake ni semina nyingine.

Hoja yao ina uzito, nisiipunje. Pesa ya chini ya godoro huibwa, huungua, na haijui kumkatalia shemeji. Akaunti tupu haina historia, na asiye na historia hakopesheki. Usalama nao umeimarika. Amana ya benki inalindwa na Mfuko wa Kulinda Amana hadi shilingi milioni 10 kwa kila mwekaji katika kila taasisi, kiwango kilichopandishwa kutoka milioni 3 mwaka 2019. Pesa za simu nazo, chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2020, lazima ziwe na fedha halisi zilizowekwa kando benki katika akaunti ya dhamana, kampuni isizichanganye na zake. Kwa hiyo anayesema simu ni salama kuliko godoro hasemi uongo.

Kinachorukwa semina baada ya semina ni bei ya mlango wa kutokea.

Wavuvi wetu wana mgono: mdomo wake ni mpana, samaki anaingia bila kusukumwa, na akitaka kurudi anakuta miti imemwelekea. Akaunti ya simu imesukwa hivyo hivyo. Kuweka ni bure. Kutuma kuna ada unayoweza kuivumilia. Kutoa ndiko kunakouma, na juu ya ada ya kampuni serikali imeweka mkono wake. Hata mwanzo wa korona mwaka 2020, kampuni zilipoonea watu huruma na kuondoa ada kwa kiasi kidogo, zilichosamehe kilikuwa kutuma. Mlango wa kutokea uliendelea kulipisha.

Wengi tunakumbuka Julai 2018. Kodi ya asilimia 1 iliangukia miamala ya pesa za simu, siku ile ile ilipoanza kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku. Watu walikasirika, Bobi Wine, mwanamuziki aliyekuwa mbunge, akaingia barabarani Kampala tarehe 11 Julai, na Rais mwenyewe akasema asilimia 1 lilikuwa kosa. Kabla ya mwaka kwisha, Bunge lilishusha kodi hadi asilimia 0.5 na kuiacha kwenye kutoa peke yake. Wakubwa walipumua. Kodi ya mitandao ikafutwa baadaye, mwaka 2021, nafasi yake ikachukuliwa na asilimia 12 kwenye bando za intaneti. Ile nusu asilimia ya kutoa ipo hadi leo, na imekuwa kimya kiasi kwamba kwenye semina haitajwi.

Nusu asilimia inasikika kama vumbi. Hebu tuipige hesabu kwenye meza ya mukene. Chukua muuzaji anayetoa shilingi 200,000 kila jioni, siku 26 kwa mwezi. Kodi ni shilingi 1,000 kwa jioni, 26,000 kwa mwezi, 312,000 kwa mwaka, na hapo ada ya kampuni hatujaigusa. Tena zile 200,000 si zake. Kubwa ni mtaji unaorudi kununua mzigo wa kesho. Tuseme faida yake humo ni 20,000. Basi ile 1,000 si nusu asilimia tena, ni asilimia 5 ya faida, inayokatwa kila siku ya biashara, hata siku ambayo mvua imenyesha na mukene wameoza na faida yenyewe haipo. Kodi ya mapato humsubiri mtu apate kwanza. Hii haimsubiri. Inamdaka mlangoni akiwa amebeba mtaji wa kesho kichwani.

Mshauri wa fedha atamjibu: basi usitoe kila siku, kusanya, utoe mara moja kwa wiki. Kwa upande wa ada ana haki, maana ada hupangwa kwa ngazi na kiasi kikubwa hulipa kidogo kwa uwiano. Kwa upande wa kodi hana kitu, kwa sababu nusu asilimia ni ile ile ukitoa mara moja au mara sita. Halafu kuna jambo ambalo mshauri aliyezoea mshahara wa mwisho wa mwezi halioni upesi: mtaji wa mukene huzunguka kila siku. Akiuacha wiki nzima ndani ya simu, wiki nzima hana mzigo. Angekuwa ameokoa ada na kuua biashara.

Na kwa nini jioni? Hapo ndipo nilipogundua kwamba yule mama anaijua kazi ya wakala kuliko mimi. Wakala ana mifuko miwili, floti, yaani salio lake la kazi, ndani ya simu na noti ndani ya droo, na mmoja ukijaa mwingine unapungua. Jioni wenye maduka humpelekea mauzo yao waweke, kwa hiyo droo imejaa noti na yeye anatafuta mtu wa kuzichukua. Alfajiri droo ni tupu, au kibanda bado kimefungwa. Anayetoa jioni hangoji wala harudishwi. Ukienda vijijini, ambako shilingi milioni moja ya PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, inaweza kuwafikia watu kadhaa wa parishi moja kwa wakati mmoja na wakala mtaji wake wote haufiki hapo, utaelewa kwa nini salio kwenye kioo na pesa mkononi ni vitu viwili.

Kuna kinachonikera zaidi. Mlango wa pili upo, na hauna kodi hiyo. Anayetoa 200,000 zile zile kwenye mashine ya benki, au kwa wakala wa benki aliyeruhusiwa tangu sheria ya 2016 na kanuni za 2017, hailipi ile nusu asilimia. Mara nyingine ni kibanda kimoja na dada mmoja nyuma ya wavu. Ukimwambia "natoa ya simu" unakatwa, ukimwambia "natoa ya benki" kodi hiyo haikugusi. Wajanja wameshajua, husukuma pesa kutoka simu kwenda benki kisha wakazitoa huko. Lakini kusukuma nako kuna ada yake, ambayo kwa kiasi kidogo inaweza kula faida yote ya huo ujanja. Kwa hiyo aliyelipwa mshahara kupitia benki anatokea mlango usio na kodi hiyo, na muuza mukene anatokea ule wenye mtoza ushuru. Majirani zetu Tanzania walipoweka tozo ya miamala ya simu Julai 2021, kelele zilikuwa kubwa hata ikapunguzwa miezi michache baadaye. Sisi tulipiga kelele zetu mapema, tukapewa nusu, tukalala.

Halafu kuna kumbukumbu, ambayo mtaalamu huita woga. Tarehe 18 Februari 2016, siku ya uchaguzi, mitandao ya kijamii ilizimwa na pesa za simu zikazimwa pamoja nayo. Januari 2021 intaneti nzima ilikatwa siku tano hivi. Aliyekuwa na noti alinunua unga. Aliyekuwa na programu nzuri ya benki alikuwa na picha ya programu nzuri ya benki. Wazee wanakumbuka zaidi ya hapo: benki za Greenland na Cooperative zilizofungwa mwaka 1999, kisha Crane iliyochukuliwa na Benki Kuu mwaka 2016. Kuzitoa jioni ni bima ya mtu aliyewahi kuona milango ikifungwa kutoka juu.

Lakini haweki akiba, watasema. Anaweka. Kila Jumamosi anakaa na wenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa kuzunguka sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu tofauti. Tazama lilivyobuniwa: kuingiza ni rahisi, kutoa ni kugumu, kama mgono. Tofauti ni kwamba ugumu wa sanduku wamejiwekea wenyewe, na mwisho wa mwaka riba ya mikopo yao inawarudia wao. Linganisha na MoKash, huduma ya akiba na mikopo ya simu, ilipoanza mwaka 2016: akiba ilipata riba isiyozidi asilimia 5 kwa mwaka, mkopo wa siku 30 ukatozwa asilimia 9. Ukiziweka hesabu hizo mbili bega kwa bega, nani hasa anahitaji semina?

Silisifu sanduku kupita kiasi. Linaweza kuibwa, mweka hazina anaweza kuhama kwa mumewe mpya, na halina uwezo wa kumkopesha mtu milioni kumi za kununua jokofu. Siku moja mama huyu atataka jokofu, na siku hiyo salio lake la shilingi mia nne litamponza. Hapo watu wa Kampala watakuwa na haki kabisa.

Nilimwambia hilo. Nikamweleza kwamba pesa zikitembea ndani ya simu bila kutoka, kodi haizipati: amlipe mwenye mtumbwi wa Majanji, kule ziwani, kwa simu, mwenye mtumbwi amlipe muuza petroli kwa simu, petroli vivyo hivyo hadi mwisho. Alisikiliza vizuri, akafunga mfuniko wa beseni.

"Mtumbwi unafika saa kumi na moja, vijana wa kuvuta nyavu wanangoja chai papo hapo," akasema. "Nenda umwambie mwenye mtumbwi kwanza. Mimi nipo."