Mashimo meusi kuungana sio chap kama mnavyodhani

Kuna klipu inazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp, galaksi mbili zinaparamiana halafu hapohapo mashimo meusi yao, yale majitu ya katikati ya galaksi yenye mvuto ambao hata mwanga hauchomoki, nayo bum, yashaungana. Kijiweni kwetu Sinza jamaa wamebishana nayo mpaka kahawa ikaisha, na mi nasema wazi klipu ile imeruka pale penye utamu wote.

Galaksi zikishaungana yale mashimo yanakuwa bado yako mbali mno, pale NGC 6240 kwa mfano, galaksi mbili zinazoungana, yameachana kama miaka ya mwanga 3,000. Yanazama katikati taratibu kwa sababu kila shimo likipita nyota zinajikusanya nyuma yake zinalivuta mwendo unapungua, mwanafizikia Chandrasekhar alishalieleza hilo tangu 1943. Ni mamilioni ya miaka, ila hapo bado mambo yanaenda.

Kazi iko mwisho. Yakishaanza kuzungukana, kila nyota inayojipitisha karibu inarushwa huko na inaondoka na cha juu chake, yaani inamega nishati ya ile pea, ndo maana pea inazidi kubana. Sasa madalali nao huisha! Wanasayansi Begelman, Blandford na Rees waliliona hilo 1980, nyota za jirani zikishafagiliwa pea inaweza kuganda ikiwa imebakiza miaka ya mwanga michache tu, na mawimbi ya graviti, yaani mitikisiko ya anga-wakati inayobeba nishati ya pea, hayawezi kuimalizia kwa sababu yanapata nguvu kwenye umbali mdogo zaidi ya hapo, mdogo sana. Cheki galaksi iitwayo 0402+379, mashimo mawili yameachana miaka ya mwanga 24 na kumaliza mzunguko mmoja ni kama miaka 30,000.

Mi siamini kwamba pea zote zinaganda milele. Galaksi iliyotoka kugongana haijakaa kama mpira, imepindapinda, kwa hiyo nyota mpya zinaendelea kumwagikia katikati, gesi nayo ipo, na saa nyingine galaksi ya tatu inaingia na shimo lake inavuruga kila kitu. Halafu Juni 2023 NANOGrav, timu ya wanasayansi wa Amerika Kaskazini, baada ya kufuatilia palsa zaidi ya 60 (mabaki ya nyota yanayotoa mapigo ya redio kama saa) kwa miaka 15, wakatangaza dalili za mngurumo wa mawimbi ya graviti angani kote, na watu wa Ulaya, India, Australia na China wakatoa ya kwao wakati huohuo. Anayeshukiwa zaidi ni pea hizihizi. Sasa kama zote zingekuwa zimeganda huo mngurumo ungetoka wapi?