Jirani wa luku

Jamani, huyu jirani ninayechangia naye luku ya umeme ananichosha. Baridi ya Juni hapa Mbeya kila mtu anaijua, lakini nikichomeka tu hita ya maji ya kuoga, huyo mlangoni: "Dada, yuniti zinakimbia!" Hita yenyewe ya wati 1,000. Iwake nusu saa, inakula nusu yuniti. Na mchango natoa.

Sasa subiri alfajiri. Anawasha gari, analiacha lingurume chini ya dirisha langu eti lipate moto, yeye karudi ndani kunywa chai. Moshi wote kwangu, nguo nilizoanika barazani zinanuka petroli. Na safari yenyewe? Kabwe mpaka Mwanjelwa! Hapo mwenye miguu anafika bila kutoa jasho. Gari za siku hizi hazihitaji kungurumishwa hivyo, zinapata moto haraka zikitembea taratibu. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa zaidi ya kilo 2 za hewa ya ukaa, ila hiyo mita ya luku haiisomi, basi haimhusu.

Jana kaniletea daftari la michango. Jina langu kalipigia mstari kwa kalamu nyekundu.