Miaka ya utingo nayo ihesabiwe kwenye leseni

Aprili 2015 madereva wa mabasi na malori Tanzania waligoma, na moja ya hoja zao kubwa ilikuwa sharti la kurudi chuoni kila wanapohuisha leseni, ambayo wakati huo ilikuwa ya miaka 3. Serikali ikalilegeza sharti lile. Lakini mgomo uliacha nyuma yake tafsiri ambayo naisikia mpaka leo: kwamba watu wa malori hawaipendi shule. Naona tafsiri hiyo imewakosea wengi, na anayeumia zaidi ni yule ambaye hata leseni hajaipata, kijana wa utingo, msaidizi anayesafiri na dereva wa lori.

Hoja ya wanaotaka kila dereva apite chuoni inaeleweka. Anayetaka daraja E, leseni ya malori makubwa, apite NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji), VETA au chuo kingine kinachotambuliwa, apate cheti, apimwe na polisi wa usalama barabarani, ndipo TRA impe leseni. Semi, yaani lori lenye trela, yenye ekseli 7 inaruhusiwa kufikisha tani 56 kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Uzito huo haukabidhiwi mtu ambaye hajafundishwa, na sijamsikia dereva mzoefu anayesema vinginevyo. Tunapotofautiana ni kwenye swali la nani anahesabika kuwa amefundishwa.

Mchukue utingo anayesafiri na dereva wake kati ya Dar es Salaam na Kongo. Kutoka Dar hadi Tunduma, mpakani na Zambia, pekee ni zaidi ya kilomita 900. Akienda na kurudi mara moja tu kwa mwezi, baada ya miaka 2 ameipita barabara hiyo kwa zaidi ya kilomita 43,000, na hapo sijagusa Zambia wala foleni ya Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo. Kilomita zote hizo yuko kiti cha kushoto, macho mbele, anasikiliza injini. Amefunga maturubai, amebadilisha matairi usiku wa manane, ametoa maji kwenye mitungi ya upepo, amejua kwa kunusa tu kwamba lainingi za breki zimeanza kuungua.

Na safari hizo 24 zina maana moja ambayo sijaona ikipewa uzito unaostahili. Lori likienda, linapanda Kitonga, mlima wenye kona kali mkoani Iringa. Likirudi na shaba, linashuka. Kwa hiyo kijana huyu ameshuka Kitonga mara 24 gari likiwa na mzigo. Anayeijua Kitonga anajua nasema nini. Dereva hupunguza mwendo kabla mteremko haujaanza, anachagua gia nzito akiwa bado juu, anaiachia injini ndiyo ilizuie gari, na mguu unaigusa breki kwa vipindi. Akikosea akaingia na gia nyepesi, mlima unamsukuma. Ataanza kukanyaga breki mfululizo, ngoma zitapata moto, lainingi zitaacha kushika, na akijaribu kurudisha gia katikati ya mteremko inaweza kukataa kuingia. Hapo amebaki na gari lisilo na gia wala breki, na mbele yake kuna kona na basi la abiria linapanda.

Maelezo hayo yanafundishika darasani, tena vizuri. Lakini chuo hakiwezi kumpa kila mwanafunzi wa kozi ya wiki chache tani 30 za shaba na mlima wa kuzishusha. Dereva wa zamani anampa utingo wake kitu hicho kila mwezi: "Sasa tazama, tunaingia na gia hii. Unajua kwa nini?" Mara ya kumi kijana anajibu kabla hajaulizwa. Kwangu mimi hayo ni mafunzo kamili, ila hayana cheti.

Siwezi kuficha ubaya wa njia hii, maana upo. Utingo hurithi mazuri ya bosi wake pamoja na mabaya yake. Akiwa na dereva anayeteremka kwa fri, gia ikiwa imetolewa, ili aokoe mafuta, naye ataona ndivyo lori linavyoshushwa. Akiwa na mnyonya mafuta, atajifunza mpira na dumu. Baya kuliko yote ni lile la usiku: dereva amechoka, anahamia kitandani nyuma ya kiti, na kijana asiye na leseni anashika usukani wa semi iliyojaa. Wanaotaka kila mtu apite chuoni wakiutaja usiku huo, sina jibu la kuwapinga. Hakuna pia sheria inayomlazimisha dereva kufundisha. Wako walioosha magari na kupika kandokando ya barabara miaka 5 bila kuruhusiwa hata kuliwasha gari. Na mwanamke je? Ni vigumu sana kwa binti kulala barabarani miezi na mwanamume mmoja ndani ya kabini. Kwa huyo, mlango wa chuo ndio mlango.

Ila tazama kinachompata huyo aliyepita mlangoni. Ana cheti, ana daraja E, anapeleka maombi kwa wenye malori na anaulizwa uzoefu wa miaka 3 au 5. Tajiri hamkabidhi kichwa, trela na mali ya mteja mtu aliyehitimu juzi. Wengine huanza na lori dogo la Canter, wakapanda Fuso, wakafika kwenye semi baada ya miaka. Wengine hurudi kuwa utingo, cheti kikiwa begini. Mwenye mali ameshaamua kwamba barabara ndiyo inayokamilisha dereva, wakati miaka ya utingo kwenye barabara hiyo haihesabiwi kwenye leseni. Upande wa pili yuko yule mwenye kilomita 43,000, ambaye ada ya kozi haipati kwa posho anayogawiwa na dereva wake.

Ningependa chuo kibaki, na mtihani uwe mgumu zaidi, ufanywe kwa gari lenye trela na mzigo. Lakini anayefika na miaka ya utingo iliyothibitishwa asianzishwe moja. Apewe leseni ya kujifunza mapema, awe na kitabu cha safari, aendeshe mchana dereva akiwa macho pembeni yake, na chuoni afundishwe alichokikosa: sheria, alama, huduma ya kwanza, uchovu, na mkataba wake wa kazi. Ada ipungue kwa kiasi hicho.

Nimeambiwa kitabu kitaghushiwa, kwamba dereva atasaini safari zisizokuwepo kwa elfu kumi. Inawezekana kabisa, kama saini ni ya dereva peke yake. Lakini lori lenye mzigo kwenda Tunduma linapimwa Vigwaza, linapimwa Mikese, Wenda, Makambako na Mpemba, na kila mizani inaandika namba ya gari na saa lililopita. Utingo ashuke na kitabu chake, kigongwe muhuri hapohapo dirishani.