Ami, Mita 60 Si Kufukuza Kuku

Juzi baada ya isha, barzani kwetu Wete, Pemba, kijana mmoja alituonesha kwenye simu fainali ya mita 60 za wanawake, mashindano ya dunia ya ndani ya ukumbi, Glasgow, Machi 2024. Kashata niliyoitia mdomoni haijayeyuka, mbio zimekwisha. Ami mmoja akasonya: "Ndiyo nini hii? Hata kuku hufukuzwa masafa marefu kuliko haya!" Watu wakacheka. Mimi kahawa ikanitumbukia nyongo.

Aliyeshinda ni Julien Alfred, sekunde 6.98. Kwao Saint Lucia, kisiwa cha watu kama laki moja na themanini elfu. Sisi Zanzibar sensa ya 2022 ilitukuta karibu milioni 1.9. Agosti ya mwaka ule ule akaenda Paris akabeba dhahabu ya mita 100, medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya nchi yake. Kuku huyo!

Mita 100 ukichelewa kuondoka, unayo njia ya kufidia. Mita 60 hazina huruma hiyo. Lazima uzisukume bloki, vile vibao vya kukanyagia wakati wa kuondoka, kwa miguu yote miwili, kichwa chini, kiwiliwili kiinuke kidogo kidogo. Ukiondoka kabla ya moja ya kumi ya sekunde kupita tangu mlio wa kuanzia, unahesabiwa umeiba, unatolewa. Mambo haya mtu hazaliwi nayo jamani. Hufundishwa.

Sisi skuli, mwalimu alichora mstari mchangani kwa kisigino, akapuliza filimbi, basi. Siku ya kwanza kuziona bloki nilikuwa tayari mashindanoni. Nikazipanga mbele nyuma, ule mguu wa nguvu ukakanyaga hewa, nikaenda kifudifudi. Bado nautema mchanga, msimamizi ananambia, "Inuka mwanangu, wenzio wameshafika." Nyumbani wakasema sina mbio. Mbio nilikuwa nazo!

Najua mtanijibu kwamba Alfred aliondoka kwao na miaka 14 kwenda Jamaika, halafu chuo kikuu Texas. Haya, kweli. Alikwenda kufanya nini huko kama si kufundishwa?

Na msinambie kwamba ukumbi ni mambo ya nchi za baridi. Wenzetu waliingia ndani kwa kukimbia baridi. Sisi tuna masika, kiwanja kinageuka bwawa na watoto wanakaa miezi bila ya mazoezi. Paa refu moja linatosha. Wakimbiaji wa ukumbini wakimaliza hugonga magodoro yaliyoegemezwa ukutani, na magodoro hayajatushinda.

Seremala nimeshampa mbao ya mwembe, kesho alasiri ananipigilia bloki mbili. Watoto wa mtaani wamekwishajiandikisha kumi na mmoja, na ami nimemwalika. Aje na kuku wake.