Mgomo ukibisha hodi kiwandani, nani azungushe tanuri?

Tanga imekaa juu ya mawe ya chokaa. Ndiyo yaliyoliwa na maji yakawa mapango ya Amboni, na ndiyo yaliyoleta viwanda vya saruji na chokaa huku kwetu. Tanuri la saruji hupika mawe hayo kwa joto la nyuzi karibu 1,450, ndani ya bomba refu la chuma linalozunguka usiku na mchana. Likisimama ghafla likiwa bado na moto, chuma hulegea na kuanza kupinda kwa uzito wake.

Jirani yangu wa Chumbageni, aliyestaafu kazi hiyo, amenisimulia walivyofanya umeme ukikatika: injini ndogo ya dizeli inawashwa, bomba linageuzwa robo mzunguko, linaachwa dakika chache, linageuzwa tena, hivyo hivyo mpaka lipoe. Mtu mmoja kazi yake ni kushika saa tu. Akizembea, matofali ya ndani yanapasuka na bomba linapinda.

Kwa hiyo majadiliano ya mkataba wa hali bora yanapokwama na menejimenti ikasema "lazima tujiandae na mgomo", mimi siwabezi. Wana haki. Tatizo ni kwamba neno hilo moja linabeba mambo mawili: kulinda mtambo na watu waliopo, au kujipanga kuendesha kiwanda kana kwamba wagomaji hawapo.

Hilo la pili lina mpaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kuleta wafanyakazi mbadala wakati wa mgomo halali. Upande wa pili nao umefungwa: hakuna kuzingira lango wala kumzuia mwajiri kuingia, na siku za mgomo mwajiri halazimiki kulipa mshahara. Lakini sheria haimkatazi mwajiri kurundika klinka, yaani mawe yaliyokwisha kupikwa yanayosubiri kusagwa, na saruji miezi miwili kabla. Hapa ndipo panapouma. Mfanyakazi anaitwa ovataimu, anafurahia nyongeza, halafu anagundua kwamba ameijaza kwa mikono yake ghala itakayomwezesha bosi kukaa kimya mezani. Mwajiri naye ana lake: mkandarasi akikosa saruji wiki mbili anahamia kwa mwingine, na pengine harudi. Naielewa hofu hiyo. Ila anayerundika huku akijifanya anajadiliana kwa nia njema anajiharibia mwenyewe, maana watu wa ghala nao wana macho na wanahesabu.

Waajiri hulalamika pia kwamba notisi ya saa 48 ni fupi. Sikubaliani. Kabla ya notisi hiyo mgogoro wa maslahi, yaani wa kudai nyongeza au masharti bora, unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, usuluhishi una siku 30, kisha chama cha wafanyakazi kinapiga kura. Meneja anayeshtushwa na mgomo uliopitia njia hiyo yote hakuwa anasikiliza. Mgomo unaokamata kiwanda kimelala ni ule wa ghafla, unaozuka shifti zinapobadilishana, na mara nyingi huzuka pale ambapo tawi la chama halina nguvu au haliaminiwi. Anayelidhoofisha tawi ili apumue wakati wa majadiliano anajitafutia mgomo wa aina hiyo.

Sheria hiyo hiyo inaruhusu pande mbili zikubaliane huduma zitakazoendelea hata watu wakigoma. Naliona hili kuwa ndiyo maandalizi yenyewe, na lifanyike kabla meza haijachafuka. Baadhi ya viongozi wa matawi hulikataa, na hoja yao si nyepesi: tukikubali tanuri lizunguke, mwajiri ataogopa nini? Mkoa huu una kumbukumbu ndefu ya migomo ya mkonge, ukiwemo wa Mazinde mwaka 1958, na kwenye mkonge kuacha kila kitu kulikuwa na maana yake. Korona, mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, ikisimama, majani yaliyokatwa hukauka, mwajiri hupata hasara, watu wakirudi kazi huendelea. Tanuri lililopinda halirudi kazini na wagomaji. Wanaweza kushinda nyongeza ya mshahara kisha wakae nyumbani miezi wakisubiri chuma. Tena kulinda tanuri si kuuza saruji: watu wa kupakia na kufungasha wakitoka, malori yanabaki foleni barabarani, na shinikizo liko pale pale.

Ningependa hilo liandikwe kwa majina ya kazi, si kwa maneno ya jumla. Wawili chumba cha kuongozea mitambo, fundi umeme mmoja, mmoja wa injini ya dizeli, mzima moto, mtu wa zahanati. Walipwe kwa saa wanazokaa, wateuliwe na tawi, na tanuri likishapoa watoke waungane na wenzao nje. Karatasi hiyo ibandikwe ubao wa matangazo kantini, ambapo meneja na kibarua wote wanaisoma.